Cherehani Kwenye Swali la Nne

Jumatatu, tarehe 2

Nimefika kituo cha kusahihishia mitihani nimelowa mpaka soksi. Mlinzi wa getini kachukua simu yangu, kaitia kwenye mfuko wa nailoni, kaandika jina langu juu yake, kisha kaniuliza kama nina nyingine. Nikafungua mdomo ili achungulie na humo. Hakucheka.

Ni shule ya bweni iliyofungwa kwa likizo. Sisi walimu tunalala kwenye vitanda vya wanafunzi, miguu imetokeza nje kama mikate iliyozidi mfuko. Aliye kitanda cha juu yangu ni mwalimu mtu mzima anayemwita kila mtu "mwanangu", na kituo kizima kinamwita Shangazi. Akigeuka, kitanda kinalia, na mimi nalia.

Tumekula kiapo: kutosema, kutonakili, kutotaja shule ya mtu. Humu sitaandika namba ya shule yoyote. Hasira zangu hawakuziapisha, kwa hiyo nitaziandika zote.

Jumanne, tarehe 3

Hapa husahihishi mtihani wa mtoto, unasahihisha kipande chake. Meza ina watu kadhaa, kila mmoja na swali lake, karatasi inapita mkono kwa mkono. Mimi nimepewa swali la nne la Kiingereza: viwakilishi, vivumishi na vielezi. Sehemu ya kwanza mtoto anachagua neno linalofaa kwenye sentensi au anaweka maelezo mahali pake, sehemu ya pili anatunga sentensi zake tatu kwa maneno aliyopewa. Nikimaliza namsogezea Shangazi, ambaye ana swali la tano, barua. Mimi sijui mtoto aliandika nini kwenye barua, na yeye hajui mtoto huyohuyo alitunga nini kwangu. Hakuna anayemjua mtoto mzima.

Kiongozi wa meza ni mwanamume mwenye kalamu ya kijani, anayepitia upya baadhi ya karatasi zetu. Kila akifungua kinywa anashika kijitabu cha kusahihishia na kuanza na "mwongozo unasema". Kufika saa ya chai nilikuwa nimeshambatiza Bwana Mwongozo.

Jumatano, tarehe 4

Nimechoka na yeye. Siyo mtu, ni neno. Mtoto amezaliwa, amekua, amegombana, amesengenya, yote kwa neno hilo moja, yeye, na hakuna aliyewahi kumuuliza huyo yeye ni mume au mke. Halafu unamfungia kwenye chumba cha mtihani unamwambia achague upesi, "he" au "she", la sivyo unamkata alama. Leo nimewakuta akina baba wamejifungua salama na akina mama wananyoa ndevu. Nimekata alama mpaka kiganja kikaniwaka.

Nilimwambia Bwana Mwongozo kwamba kosa hili lina asili yake, tungeliangalia kwa huruma kidogo. Akatazama dari.

"Mwalimu, mwongozo hauna sehemu ya huruma."

Shangazi akacheka chini kwa chini. Mimi nilikuwa nimevimba kama andazi.

Alhamisi, tarehe 5

Mvua. Kalamu nyekundu imekauka. Chai haina sukari. Basi.

Ijumaa, tarehe 6

Kuna sentensi inayomtaka mtoto aweke maelezo mahali pake. Mwalimu alimwona mbwa, akiwa amevaa sare. Nani kavaa sare? Nusu ya watoto wamemvalisha mbwa. Mmoja kamchora pembeni, na tai. Nilicheka peke yangu, na ndiyo mara ya kwanza tangu nifike, lakini Bwana Mwongozo akaja kunisimamia kichwani na kuniambia kusahihisha siyo maigizo. Mtu mwenyewe kavaa koti la suti na ndala.

Jumamosi, tarehe 7

Bati la ukumbi linavuja juu ya swali la pili. Wamesogeza meza, hawakuziba bati.

Jumapili, tarehe 8

Jumapili tunarudishiwa simu kwa muda mfupi, palepale getini, mlinzi akiwa ametusimamia kama wafungwa. Nikaongea na binti yangu, nikamaliza. Shangazi alikuwa bado anaongea na ukoo mzima, kila mjukuu na salamu yake. Tulipokuwa tunarudi bwenini akaniuliza:

"Mwanangu, umeongea na binti tu. Huna ndugu?"

"Ninaye dada."

"Mbona hukumpigia?"

"Hatuongei."

"Kisa?"

"Cherehani."

Akasimama kwenye mvua akisubiri. Ikabidi nimweleze. Marehemu mama alikuwa fundi wa kushona. Dada yangu ndiye aliyebaki nyumbani, akafundisha shule ya jirani na akamuuguza mama. Mimi nilikuwa kazini mbali. Wiki ya mwisho nilikuja, na siku moja nikiwa peke yangu naye wodini mama alinishika mkono akaniambia, ile cherehani ni yako. Shahidi hakuwepo. Siku ya kugawana vitu dada alikataa kata kata. Alisema wiki ile mama alikuwa hasemi neno la maana. Nikainama, nikajitwisha mwenyewe kichwani ile cherehani ya mkono, nikatoka nayo majirani wakitazama. Tangu siku hiyo, miaka sasa, hatujajuliana hali. Nikisimulia tu hasira inarudi mbichi.

"Sasa unaishonea?" Shangazi akauliza.

"Sijui kushona."

"Haya," akasema, akaendelea kutembea. Hiyo "haya" yake sikuipenda.

Jumatatu, tarehe 9

Leo nataka kupasua kitu.

Baada ya chai tulipewa bahasha mpya, karatasi za chumba kimoja cha shule moja. Karatasi ya juu, sehemu ya pili, mtoto katunga hivi (naandika kwa Kiswahili, Kiingereza chake nimekishiba): Paka wetu, ambaye masharubu yake ni marefu, anajiramba mwenyewe taratibu. Nikaweka vema. Mama yetu, ambaye mikono yake haichoki, anashona kwa uangalifu. Nikaweka vema, na shingo ikanisisimka.

Hizi sentensi nilizijua nikiwa na mapengo. Ni za dada. Kabla hajawa mwalimu wa mtu yeyote, dada alikuwa mwalimu wangu mimi, kwenye meza ya jikoni, mama akishona upande wa pili. Kitabu hatukuwa nacho. Akatunga sentensi kutoka kwenye vitu vilivyokuwa mbele ya macho yetu, ili nikikwama nitazame tu nikumbuke: paka, mama, kabati, mvua. Nilikuwa naziimba njia nzima nikienda kuchota maji. Kumbe bado anaziimbisha.

Sentensi ya tatu sikuijua. Mdogo wangu, ambaye moyo wake ni mgumu, aliibeba cherehani haraka mwenyewe.

Niliisoma, nikairudia. Kiingereza chake hakikuwa na kosa. "Whose" mahali pake, "quickly" mahali pake, "herself" mahali pake. Nikafungua karatasi iliyofuata: paka, mama, mdogo wangu ambaye moyo wake ni mgumu. Iliyofuata, moyo mgumu. Bahasha nzima! Watoto ambao sijapata kuwaona, kila mmoja na mwandiko wake, wamekaa kwenye mtihani wa taifa wakanisengenya. Mmoja kaandika "haraka" kwa herufi kubwa, kaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Na nikawapa alama zote, kila mmoja wao, kwa sababu wamepata. Jaribu wewe kumwekea vema mtu anayekutukana kwa sarufi safi. Mwongozo unasema majibu yakifanana namna hiyo niinue mkono, niripoti. Sikuinua. Ningeinua mkono niseme nini?

Jumanne, tarehe 10

Haraka! Eti haraka. Ile cherehani ni chuma kitupu, nani anaweza kuibeba haraka? Niliibeba polepole, nikiitua kila penye kivuli, shingo inaniingia mabegani, na yeye alikuwa amesimama mlangoni ninapotoka, ananiona. Kama ni kunifanya somo la watoto, angalau afundishe ukweli. Kielezi hicho ni cha uongo.

Nimekasirika asubuhi, mchana na jioni. Shangazi kaniuliza kama naumwa. Nimemwambia ndiyo.

Jumatano, tarehe 11

Mambo yameharibika.

Bwana Mwongozo alichukua karatasi chache kutoka kwenye ile bahasha ili azipitie. Nilikuwa namtazama kwa pembe ya jicho. Kalamu ya kijani ikatembea, ikapunguza mwendo, ikasimama. Akachukua bahasha yote. Alipokuja kwangu alikuwa haongei kwa sauti, na afadhali angepiga kelele.

"Mwalimu, hii hukuiona?"

"Nimeiona."

"Sentensi tatu zilezile, chumba kizima. Mwongozo unasema huo ni udanganyifu. Na unasema anayesahihisha aripoti papo hapo. Wewe umewapa alama zote, umenyamaza."

"Hawajadanganya. Wamekariri."

"Umejuaje?"

Meza nzima ilikuwa imeacha kuandika. Nikaifunika kalamu yangu.

"Ama swali limevuja, ama mtu kawaandikia ubaoni mtihani ukiendelea," akasema. "Shule inafutiwa matokeo yote. Mwalimu wao atasimamishwa, atajieleza mbele ya sheria. Na wewe utajieleza hapa, Ijumaa, mbele ya Mkuu wa Somo."

Nitaandika kama ilivyokuwa. Aliposema mwalimu wao atasimamishwa, kwa muda mfupi nilifurahi. Nilimwona dada amesimama mbele ya watu akiulizwa maswali, nikasema moyoni, haya sasa, cherehani hiyo. Halafu jicho likaangukia ile karatasi iliyotoboka. Mtoto huyo hana ugomvi na mimi. Wakimfutia matokeo haendi shule nyingine, anarudi nyumbani na ndiyo imetoka, yeye na chumba kizima, kwa sababu dada yangu hajui kunyamaza. Furaha yangu ikatumbukia nyongo.

Bwana Mwongozo kaifunga ile bahasha kwa kamba, na fundo kalikaza kwa meno.

Alhamisi, tarehe 12

Jua limetoka kidogo. Shangazi na mimi tumefua pamoja bombani, nikamwambia yote. Nilidhani atashika kichwa. Akaendelea kusugua.

"Kesho utasema?"

"Nikisema, nimejitangaza. Nitasimama mbele ya watu wazima niseme mimi ndiye mwenye moyo mgumu. Wataniuliza cherehani ni ya nani."

"Na usiposema?"

"Yeye ndiye aliyetunga, Shangazi. Yeye ndiye ajitetee."

"Atajitetea saa ngapi, mwanangu? Hajui hata kama anashtakiwa."

Nimekasirika naye kwa sababu kasema kweli. Nimelikamua shati langu mpaka kifungo kikaruka.

Ijumaa, tarehe 13

Walituita kwenye maabara, maana ndicho chumba pekee kisichovuja. Tulikaa kwenye stuli ndefu zisizo na mgongo. Mkuu wa Somo ni mama mfupi mwenye miwani ya kamba shingoni. Bwana Mwongozo alikuwa kulia kwake, na bahasha. Shangazi naye aliitwa, kwa kuwa karatasi za bahasha ile zilikuwa zimeshapita kwake.

"Mwalimu," Mkuu akaniambia, "kwa nini hukuripoti?"

"Kwa sababu hawakuiba."

"Umejuaje?"

Nilijikaza kisabuni. "Sentensi hizo ametunga dada yangu. Ndiye mwalimu wao."

Bwana Mwongozo akakohoa. "Na huyu mdogo mtu mwenye moyo mgumu ni nani?"

"Ni mimi."

Hakuna aliyecheka, na ningependa wangecheka. Mkuu akavaa miwani, akasoma ile sentensi tena, akanitazama kama anayelinganisha picha na mwenye picha.

"Cherehani uliibeba?"

"Niliibeba. La moyo ni uongo. Na la haraka pia ni uongo."

"Pole. Lakini unaona shida yangu. Hii ni hadithi, na hadithi hata jana jioni unaweza kuitunga. Unawapa alama watoto wa dada yako, unanyamaza, ukibanwa ndiyo unakumbuka undugu. Nionyeshe kitu."

Sikuwa na kitu. Simu iko getini, dada yuko mbali, daftari langu la utotoni lilishaliwa na mchwa. Nilikuwa na hasira tu, na ile hasira ndiyo iliyofungua mdomo.

"Hizo siyo zote," nikasema. "Mmeona tatu kwa sababu maneno ya swali lenu yalitaka hizo tatu. Zipo nyingine, tangu nikiwa mtoto. Ipo ya kabati: Baba yetu, ambaye hakuwahi kuwa seremala, alilitengeneza kabati hili mwenyewe. Ipo ya mvua: Mvua, ambayo haina adabu, huingia ndani bila hodi."

"Subirini kwanza!" Shangazi alikuwa ameteremka kwenye stuli. "Hiyo mvua ninayo!"

"Unayo wapi?" Mkuu akauliza.

"Kwenye barua! Mwanangu, nimewakata watoto wale alama kwa ajili ya hiyo mvua. Barua ni ya kumwomba mwalimu mkuu kiwanja cha mpira. Mtu anaanza vizuri, anasalimia vizuri, ghafla ananiletea baba na kabati! Nikasema hawa watoto wamepatwa na nini? Kila mmoja na kabati lake."

Mkuu akaivuta bahasha, akafungua karatasi kwenye swali la tano. Akafungua nyingine. Mvua isiyo na adabu ilikuwa inapiga bati juu yetu.

"Swali la tano mimi silioni," nikasema. "Nikimaliza langu nasogeza, meza nzima ni shahidi. Hawa ni watoto wasio na kitabu, wana sentensi walizopewa, wakikwama wanazipachika popote. Mtihani ukivuja yanavuja majibu. Nani atavujisha kabati?"

Bwana Mwongozo akafungua mwongozo wake, akapekua mbele, akapekua nyuma, akaufunga. "Kuhusu kabati hausemi kitu," akasema, na kwa mara ya kwanza nilisikia amechoka kama sisi.

Nilidhani tumemaliza. Mkuu alikuwa bado anasoma.

"Na hii? Hii hukuitaja." Akaisoma kwa Kiingereza chake cha polepole. Mdogo wangu, ambaye anaogopa giza, anasoma mwenyewe kwa sauti. "Ipo hapa. Na hapa. Na huyu pia anayo. Wanamuomba mwalimu mkuu kiwanja cha mpira, wanamwambia habari za mdogo mtu anayeogopa giza. Huyu naye ni nani?"

Sikuitaja kwa sababu nilikuwa na hakika aliifuta. Ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho zamani. Aliitunga siku niliyosoma ukurasa mzima bila yeye kunishika kidole, akamwita mama aache kushona aje asikilize. Nilipoikuta ile ya moyo mgumu nilijua imekaa kwenye nafasi yake, kama mtu anavyobandua picha ukutani akaweka kalenda.

"Ni mimi huyohuyo," nikasema.

Nilikasirika kuliko siku zote nilizokuwa hapa. Kama ananichukia, si anichukie moja kwa moja, nijue na mimi pa kusimama! Unawezaje kuwafundisha watoto wamseme mtu kwenye swali la nne, halafu wamkumbuke kwenye la tano? Machozi yalinitoka, na Mkuu akasubiri, na hiyo nayo ilinikasirisha.

Uamuzi wake ulikuwa mfupi. Kukariri ni ufundishaji mbaya lakini siyo wizi, watoto wanabaki na alama zao. Mimi sibaki. Anayeijua shule kwa uso hawezi kuendelea kusahihisha, nilipaswa kwenda kwake Jumatatu ileile, na mwakani nisitegemee kuitwa.

"Na kiapo kiko palepale, Mwalimu. Dada yako asisikie neno. Wala kwamba walishtakiwa, wala kwamba ulikuwepo."

Yaani hata kumgombeza siruhusiwi.

Jumamosi, tarehe 14

Shangazi kanifungia mkoba kwa kamba ya chandarua, kanikumbatia, hakusema lolote la hekima, nikamshukuru kwa hilo. Bwana Mwongozo kaninyang'anya mzigo mlangoni, kaubeba mpaka getini na ndala zake zikimrushia matope mgongoni.

"Mwongozo unasema kiongozi wa meza amsindikize anayeondoka," akasema.

"Hausemi hivyo."

"Hausemi," akakubali.

Mlinzi kanirudishia simu kwenye mfuko wake wa nailoni.

Jumapili, tarehe 15

Niko nyumbani. Nimeifunua cherehani. Sijaifunua tangu nihamie hapa. Nimeshika mpini wa gurudumu nikavuta, halikwenda. Nimevuta kwa mikono miwili, wapi.

Nikachukua simu, na kabla sijabadili nia nikapiga.

"Haloo, nani?"

"Mimi."

"Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Basi unataka nini?"

"Cherehani imekwama."

"Miaka yote hiyo, leo ndiyo umejua imekwama?"

"Imekwama, nakwambia."

"Umeitia mafuta?"

"Mafuta gani?"

"Wewe! Mtu unabeba kitu, hata kukitia mafuta hujui!"

"Njoo uitie mwenyewe basi, kama unajua sana!"

Akakata simu. Nilibaki nimeshika simu, kifua kimejaa paka na kabati na mvua na watoto chumba kizima, na hata kimoja sikuweza kumrushia. Sijawahi kugombana na mtu mikono imefungwa namna hii.

Jumatano, tarehe 18

Mvua. Hajapiga. Na mimi sipigi.

Jumapili, tarehe 22

Amekuja.

Kalowa mpaka kwenye nyusi. Hakunisalimia, aliuliza iko wapi. Amezeeka, na hakuna aliyenitayarisha kwa hilo. Akapitisha kidole chini ya ubao wa cherehani, akakiinua ili nione vumbi, kisha akatoa mkobani bisibisi, kitambaa na kopo la mafuta la mama, lile lenye mdomo mrefu. Kumbe kopo alibaki nalo yeye.

Tumegombana muda wote aliokuwa akiifungua. Kuhusu vumbi. Kuhusu wodi. Kuhusu nani alikuwa wapi wakati mama anageuzwa kitandani. Nimemwambia tena, mama alinishika mkono akaniambia ni yako. Akasema haamini. Nikasema asiamini. Akasema niliondoka nayo bila kugeuka nyuma.

"Nilikuwa na chuma kichwani," nikamwambia, "ningegeukaje?"

Bisibisi ikasimama. Hilo nadhani hakuwahi kulifikiria. Halafu akaendelea kukaza.

"Mwenye moyo mgumu kama wewe sijapata kumuona," akasema, na mimi nikauma ulimi, maana nilikuwa na jibu la bahasha nzima.

Gurudumu likaenda. Lililia kwanza, kisha likanyamaza likawa linazunguka na ule mlio wa jikoni kwetu. Sote wawili tuliusikia. Akachana kipande cha kitambaa, akakiweka chini ya sindano, akanyanyuka kwenye kiti.

"Kaa."

Nikakaa. Mawingu yalikuwa yametia chumba giza mchana mchana. Nilisubiri anishike mkono, aniongoze. Akakunja mikono kifuani.

"Mwenyewe," akasema. "Mimi nipo hapa, natazama."

Nikazungusha. Mstari umekwenda upogo kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akauangalia kwa muda mrefu, akaniambia nirudie.